Fulana za kwaya wiki ya kura: duka la kuprinti hapa Malindi ninalolipendekeza

Watu kadhaa wameniuliza zile fulana za kwaya yetu za sikukuu ya Kristo Mfalme tuliprinti wapi, na wengine wanataka kujua kama ni kweli ile stori ya duka lililokataa pesa ya kampeni, basi naandika yote hapa, bei, kitambaa, kuchelewa na hayo mengine, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Duka liko Malindi mjini upande wa Barani, ndani kidogo ukitoka barabara kubwa, chumba kimoja na kibaraza. Mwenyewe ni mama wa makamo, Mgiriama, anasali kanisa la Kipentekoste, na fundi wake wa mashine ni kijana Mwislamu amekaa naye miaka mpaka wateja wengine wanadhani ni mwanawe wa kumzaa. Jina la duka siliweki manake mama ameniomba nisiweke, anasema mpaka kura ya Agosti 10, 2027 ipite hataki duka lake liwe mdomoni mwa mtu yeyote wa siasa, awe wa kulisifu ama wa kulitukana. Ukifika Barani uliza mama wa fulana, utapelekwa.

Mi ni mweka hazina wa kwaya kwenye kigango kimoja, kanisa dogo la Katoliki chini ya parokia, ng'ambo ya daraja la Sabaki. Yani kwa kura sisi ni Magarini lakini shughuli zetu zote za duka ni Malindi. Na ndo maana hii oda haikuwa oda ya kawaida. Korti ilikuwa imefuta matokeo ya ubunge wa Magarini ya 2022, uchaguzi mdogo ukawekwa Novemba 27, 2025, na Jumapili ya Kristo Mfalme ikaangukia Novemba 23, siku nne kabla ya kura. Sisi siku hiyo kila mwaka tunatoka na maandamano ya Ekaristi barabarani, watoto na maua mbele, kwaya inaimba, jumuiya zinafuata na vitambaa vyao, kwa hivyo chochote kwaya itakachovaa kinaonekana na wiki kama ile kila rangi inasomwa.

Na kwaya yenyewe ina watu wa kila upande. Kuna dada ni ajenti wa chama kabisa, kuna mama ambaye kijana wake alikuwa kwenye boda za msafara wa upande wa pili, kuna mzee wa besi aliyeapa hapigi kura tena maisha yake. Mwezi wa Oktoba tulikuwa hatuimbi vizuri, siwafichi. Watu wanakaa kwa mafungu, mtu akikosea noti hasahihishwi anaangaliwa tu, mazoezi yanaishia kwa maneno ya mkutano wa jana nani alisema nini, na grupu la WhatsApp la kwaya ikabidi lifungwe abaki admin peke yake ndo anaandika. Hawa ni watu wanaopeana amani ya Kristo kila Jumapili kwa mikono miwili.

Hapo katikati ikaja ofa. Mtu wa kampeni, sitasema wa upande gani na msinisumbue kuniuliza, akasema atalipia fulana zote za kwaya, kitambaa kizuri, bora mgongoni pawe na jina na picha ndogo ya mheshimiwa. Nusu ya kwaya ikasema pesa ni pesa na sisi ni maskini, nusu ikasema kamwe, lakini ukiwaskiza vizuri wale wa kamwe wengine shida yao haikuwa kununuliwa, shida yao ni kwamba mnunuzi si wa kwao. Padre alipata habari akaja mazoezi. Hakufoka. Alitukumbusha tu mambo ya Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alivyoamuru zirudishwe zile shilingi milioni 2.6 Rais William Ruto alizotoa kanisa la Soweto kule Nairobi, zikiwemo za kujenga nyumba ya padre na zingine za kwaya. Akasema kama kwaya ya Soweto ilirudisha, nyinyi hamwezi kuanza kupokea. Halafu akaondoka na sisi tukabaki na kazi ya kutafuta pesa yetu wenyewe, shilingi 50 kila mtu kila wiki, na niwaambie kukusanya hamsini hamsini kwa watu wasiosalimiana ni kazi inayotaka sala.

Haya, duka sasa.

Fulana ya pamba yenye kola ya mviringo, maandishi mbele na nyuma, alitufanyia 450. Ya polista ingekuwa 350 lakini mwenyewe alitushauri tusichukue, akasema Novemba kaskazi ndo linaingia, mtembee juani saa ngapi na polista, mtafika na vipele. Kwa polista anatumia sablimesheni, rangi inaingia ndani ya kitambaa haibanduki hata ufue na nini, kwa pamba anatumia skrini na wino wa mpira, unashika vizuri ukipigwa joto la kutosha. Zipo za bei ya chini zaidi, hizo ni za kampeni, nyepesi ukiinua unaona mkono wako upande wa pili, hizo anakwambia wazi ni za kuvaa mara mbili tatu. Mi napenda mtu wa biashara anayesema hivo kabla hujatoa pesa.

Diposti ni nusu, kwa kila mtu, na hapo ndipo nilianza kumheshimu. Siku niliyopeleka diposti alikuwepo jamaa wa kampeni amekuja na gari, anataka mzigo uanze leo atalipa baada ya mkutano, anataja majina ya wakubwa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akamwita babangu, akamwambia babangu diposti ni nusu. Yule akageuka akanionyesha mimi na daftari langu la kwaya akasema na hawa je. Mama akamwambia na hawa wamelipa nusu. Waraka wa Yakobo sura ya 2 unasema habari ya mtu anaingia kusanyikoni na pete ya dhahabu na nguo za kung'aa anapewa kiti kizuri, na maskini anaambiwa asimame pale, na sisi kwenye makanisa yetu ndo tunaifanya hiyo kitu kila msimu wa kura, mheshimiwa akiingia nyimbo zinakatwa katikati viti vinahamishwa. Pale dukani kuna benchi moja la mbao. Jamaa wa gari alikaa hapo hapo nilipokaa mimi.

Ukutani kuna karatasi ya manila imeandikwa kwa makapeni. Diposti nusu. Hatuprinti matusi. Hatuprinti kabila la mtu. Hatuprinti neno la Mungu juu ya picha ya mgombea. Basi, mistari minne, na imeanza kufifia kwa hivyo ni ya zamani sio ya kutuonyesha sisi.

Huo mstari wa mwisho nilimuuliza. Akasema kampeni za 2022 zilipopamba moto watu walikuwa wanakuja na mabango, sura ya mtu kubwa, na chini imeandikwa chaguo la Mungu, ama wameweka aya ya Daudi kupakwa mafuta, na akapata wagombea wawili wa kiti kimoja wote wanataka waandikiwe wamechaguliwa na Mungu. "Mwanangu mi sijui Mungu amemchagua nani, na kitu nisichokijua siwezi kukiprinti mara mia mbili nikachukua pesa." Oda zote mbili zilikuwa kubwa na zote zilikwenda kwingine. Hakunieleza kwa kujisifu, alikuwa anakunja fulana huku anaongea na katikati akasimama kumwambia fundi apunguze joto la mashine.

Mstari wa kabila nao una historia yake. Tume ya uwiano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki Aprili 2022, kulikuwa na madoadoa, kulikuwa na wabara waende kwao, na mama anayo hiyo orodha kwa simu anaionyesha mteja mbishi. Lakini hilo la wabara alikuwa halifanyi hata kabla ya tume kusema, manake ana wateja wa siku nyingi kutoka Mpeketoni, kanisa lao ni jimbo moja na letu, Jimbo Katoliki la Malindi limefika mpaka Lamu na Tana River, na wanatuma oda zao kwa basi la Lamu. Hao ndo watu waliozika watu zaidi ya 60 baada ya shambulio la Juni 2014, wanaume wakiulizwa dini zao mlangoni kabla ya kupigwa risasi, na kabla hawajamaliza matanga viongozi wa nchi wakaanza kuvutana ni al-Shabaab ama ni siasa za wenyeji. Mama anasema mteja wake mmoja alikuja mwezi uliofuata kuprinti fulana za mazishi na alikuwa hawezi kutamka majina anaandika tu kwa karatasi. Baada ya hapo mtu akija na neno la kufukuza watu haangalii ni wa chama gani.

Turudi kwa fulana zetu. Kwaya ilikuwa imepiga kura, rangi iwe ya dhahabu, sababu Kristo Mfalme kanisani ni nyeupe na dhahabu. Tukalipa, nikarudi nyumbani. Siku mbili baadaye mama akanipigia simu, njoo uone kitu kabla sijaendelea. Nikavuka Sabaki nikaenda. Kitambaa cha dhahabu kilicholetwa na wauzaji wake kilikuwa kimeegemea machungwa. Ndani ya duka chini ya taa ni dhahabu, lakini akakitoa kibarazani juani, akakiweka karibu na fulana ya chama cha ODM iliyokuwa inakauka kwenye kamba, na hapo mtu hahitaji kuelezwa. Kilichobaki chenye unjano zaidi nacho akakishika akasema hiki watasema ni chama cha UDA. "Mkitoka na hii barabarani wiki ya kura watu watasema kwaya imenunuliwa, na nyinyi mmechanga hamsini hamsini." Mi nilikuwa sijamwambia habari ya zile hamsini, nadhani aliona daftari.

Angeweza kuprinti. Tulishalipa diposti, dizaini tulishasaini, kitambaa alishanunua. Akashauri fulana ziwe nyeupe na maandishi ndo yawe ya dhahabu, taji mbele na nyuma jina la kigango, na tofauti ya bei akaibeba yeye, kile kitambaa akasema atakitumia kwa timu ya mpira. Nikampigia mwenyekiti, mwenyekiti akapigia wengine, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba yule dada ajenti na yule mama wa kijana wa boda wakakubaliana jambo, wote walisema nyeupe.

Kabla ya kuprinti anakulazimisha usome. Hakupi tu karatasi usaini, anakuketisha anasema soma kwa sauti, herufi moja moja, jina la kigango, mwaka, kila kitu, na fundi anasimama pembeni anafuata kwa kidole kwenye skrini ya kompyuta. Mteja mwingine alikuwa analalamika anachelewa, mama hakujali. Duka tulilotumia miaka ya nyuma, sio hili, lilituandikia jina la somo wetu vibaya na tukavaa hivo hivo mwaka mzima.

Hiyo kusoma kwa sauti ilinifuata mpaka kanisani. Injili ya Jumapili ile ni Luka 23, Yesu yuko msalabani, wakubwa wanamcheka, askari wanamcheka, na juu yake kumewekwa maandishi, huyu ndiye mfalme wa Wayahudi. Lile ni bango. Wenye mamlaka ndo waliliandika, wakalitundika ili wamfanyie dhihaka mtu anayekufa na kila anayepita asome. Padre akaeleza kwamba sikukuu yenyewe Papa Pius wa 11 aliiweka Desemba 1925, yani ilikuwa inakaribia kutimiza miaka 100, wakati Italia iko chini ya Mussolini na mataifa ya Ulaya yanajenga chuki mpya juu ya makaburi ya vita vya kwanza, na Papa alitaka Wakristo wakumbuke kuna mfalme mmoja ambaye hakuua mtu ili atawale. Malindi hii tunaishi na Waitaliano wengi, wawili watatu walikuwa ndani ya misa, niliona mzee mmoja wao akiinamisha kichwa.

Tulipotoka barabarani kulitokea hivi. Barabara ile inayokwenda Mambrui, jua limewaka, sisi tuko nyeupe tupu na taji la dhahabu linametameta, tunaimba, na mbele tukaona vumbi. Msafara. Probox ina spika juu, boda kama ishirini zinapiga honi, watu wamevaa fulana za chama na bendera. Katekista akasimama, padre na monstransi, kile chombo cha Ekaristi, chini ya mwavuli akasimama, sisi tukaendelea kuimba manake hatukujua tufanye nini. Yule mama wa kwaya alikuwa mstari wa mbele kwangu nikamwona anamtafuta kijana wake kwa macho kwenye zile boda na akampata. Dereva wa Probox alipotuona akaweka gari kando kabisa kwenye mchanga, muziki ukazimwa, honi zikakatika moja moja. Vijana wengine wakavua kofia. Wengine walibaki tu wamekaa wanaangalia simu, sio wote ni Wakristo na hakuna aliyewalazimisha. Tukapita katikati yao, fulana zao na zetu zimetoka mashine moja kule Barani, na tulipomaliza kupita muziki ukawashwa wakaenda zao na sisi tukaenda zetu.

Sasa fikirieni tungekuwa tumevaa ile machungwa. Msafara wa upande huo ungetushangilia kama wao, wa upande mwingine ungetuzomea, na Ekaristi ingekuwa iko katikati ya makelele hayo. Fulana nyeupe haikumbadilisha mtu kura. Ilifanya tu watu wajue tuko kwa nani siku ile.

Nisiwadanganye kwamba kwaya ilipona. Baada ya matokeo kuna wawili waliacha kuja na mpaka leo hawajarudi, mmoja nilimfuata nyumbani akanipa chai lakini habari ya kwaya hakutaka kuiskia. Wengine tumerudi kuongea. Yule ajenti na yule mama sasa wanakaa benchi moja, sauti ya kwanza. Mi huwa nawaza Yesu alivyowachagua Mathayo aliyekuwa anatoza ushuru wa Warumi na Simoni Zelote kwenye kumi na wawili wale wale, watu ambao kwa siasa ya wakati ule mmoja angemwita mwenzake msaliti, na Injili haisemi walimaliza mabishano yao, inasema tu walikuwepo.

Kuna watu walinijibu nilipowaelezea hili duka, wakasema huyo mama ni mpenda pesa tu, anaprintia vyama vyote, Mkristo wa kweli angechagua upande wa haki akakataa wezi. Nimelifikiria sana hilo, manake ni swali la haki. Kuprintia kila mtu kunaweza kuwa woga. Lakini nimeona anavyofanya. Mzigo wa vyama viwili ulikuwa mle mle, kila mmoja kona yake umefunikwa leso, na yule jamaa wa gari alipouliza kwa sauti ya chini upande ule wameagiza ngapi mama alijifanya hakuskia, akauliza tena akaambiwa na za kwako hawataambiwa. Juni 2024 wakati wa maandamano ya kupinga Finance Bill, ule mswada wa kodi, vijana walikuja na fulana nyeusi na bendera ya Kenya, watu wazima wengi mjini walikuwa wanaogopa hata kuonekana nao, yeye aliwaprintia bei ile ile, akawaambia watoe sentensi moja tu iliyokuwa inatukana kabila la Rais, wakabishana, wakatoa. Siku ya maandamano akafunga duka akakaa nyumbani anawaombea. Na mabango ya krusedi nayo anayachuja. Tangu Aprili 2023, wakati miili ya msitu wa Shakahola, ya waumini waliofunga mpaka kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao, inaletwa mochari hapa Malindi mpaka ikapita 400, hachapishi bango la mhubiri yeyote linaloambia wagonjwa waache dawa ama watu wauze mali, hata kama mhubiri ni wa kanisa kama lake, na hapo amegombana na watu wa imani yake mwenyewe. Huyo si mtu anayeogopa.

Ninapotofautiana naye ni mahali pamoja tu. Hataki kabisa maongezi ya siasa dukani, hata ya upole. Fundi akiona watu wameanza anawaomba watoke nje mpaka wamalize. Anasema wateja wanaosubiri hawana pa kwenda. Mi naona Mkristo hafai kunyamaza hivo, maaskofu wetu wenyewe Novemba 2024 walitoa taarifa kali juu ya uongo na ufisadi serikalini, na Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya ACK, kanisa la Anglikana Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema mbele ya wanasiasa wenyewe kwamba madhabahu si ya kufanyia siasa. Aliongea. Hakunyamaza. Watu wakijifunza kuongea siasa kwa heshima dukani kwa mama watajua kuongea hata kanisani, na kama kwaya yetu ingekuwa na mahali pa kuongea Oktoba ile labda wale wawili wangekuwa bado nasi. Nilimwambia hivo. Akasema atafikiria, lakini sioni akibadilisha.

Kasoro zingine za duka. Saizi zake ni ndogo, XL ya hapo ni L ya kwingine, akina mama wenye miili yao wachukue moja juu na wasione haya. Tulichelewa siku moja kwa sababu ya stima kukatika na hana jenereta, tulichukua mzigo Jumamosi jioni na roho ziko juu. Ijumaa mchana fundi anakwenda msikitini na hakuna anayegusa mashine mpaka arudi, mi sioni kama ni kasoro lakini ujue usije ukasimama hapo saa saba. Choo hakuna, kama unakuja na watoto wa shule panga. Risiti ni ya mkono, wahasibu wa parokia hawaipendi, mwambieni apige na muhuri.

Kufua: sisi huku maji mengi ni ya kisima yana chumvi, na fulana zimefuliwa tangu Novemba. Nyeupe imebaki nyeupe. Ile dhahabu imeanza kupata nyufa pale fulana inapokunjwa katikati ya taji, kwa zile za watu wanaofua na kukamua kwa nguvu, zangu bado. Geuza ndani nje, maji baridi, usipige pasi juu ya maandishi, anika kivulini. Kola za mbili tatu zimelegea. Kwa 450 nimeridhika.

Nampa nyota 4 kwa 5, moja nimetoa kwa saizi na ile siku ya kuchelewa.

Mkienda nendeni asubuhi kabla ya saa nne, mubebe dizaini kwa simu na pia kwa karatasi, na mwambieni oda ni ya lini na barabarani kutakuwa na nini siku hiyo, atawashauri rangi. Oda za 2027 zimeshaanza kuingia, niliona marobota ya fulana tupu mpaka kibarazani, kwa hivyo kwaya, shule na vikundi vya kina mama msingoje mwezi wa mwisho. Sisi Kristo Mfalme ya mwaka huu ni Novemba 22 na diposti nimeshapeleka, nusu.